Mwanangu, kuhusu furaha uliyoniuliza

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Tanga hatujambo, alhamdulillahi, na mama yako anakusalimu sana. Umeniandikia kwamba umepandishwa cheo, umehamia nyumba yenye nafasi, swala tano huziachi, na bado furaha ya mambo hayo haikumaliza hata mwezi. Ukaniuliza mtu ataitambuaje furaha ya kweli, kama huzuni uliyonayo ni upungufu wa imani, na kama ingekuwa bora uiache kazi hiyo.

Nianze na huzuni, maana naona kuna mtu amekutia hofu isiyo na msingi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia kwa mwanawe Ibrahim aliyekuwa akikata roho, na machozi yakamtoka. Abdulrahman bin Auf aliposhangaa kumwona hivyo, alijibiwa kwamba hiyo ni rehema. Kisha Mtume akasema, katika Hadithi ya Anas iliyopokewa na Bukhari, kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Basi anayekuambia kuwa muumini hahuzuniki anataka kuwa mcha Mungu kumshinda Mtume mwenyewe.

Huzuni na utulivu hukaa ndani ya kifua kimoja. Bila shaka unaikumbuka siku tuliyomzika mjomba wako. Bibi yako alilia mpaka sauti ikamkauka, na katikati ya kilio hicho, huku akijifuta kwa ncha ya kanga, akauliza kama wachimba kaburi wameshapewa chakula. Hakuwa amesahau msiba wake. Ila moyo wake ulikuwa na mahali pa kutua, na ndiyo maana ulibaki na nafasi ya kuwafikiria wengine. Aya ya 28 ya Suratur Raad inasema kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu ndiyo nyoyo hutulia, na mimi sijaona tafsiri yake iliyo wazi kuliko bibi yako siku ile.

Sasa cheo chako. Kukifurahia si kosa, kwa kuwa ni neema, na katika Surat Yunus, aya ya 58, tumeamrishwa kabisa tufurahie fadhila ya Mwenyezi Mungu na rehema yake, ambayo ni bora kuliko vyote wanavyovikusanya watu. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba furaha uliisikia wakati simu za pongezi zilipokuwa zikiingia, na zilipokoma nayo ikakoma. Mwanangu, kilichokufurahisha basi hakikuwa cheo, wala Aliyekupa. Yalikuwa macho ya watu. Furaha ya namna hiyo haiwezi kudumu, kwa sababu watu wana mambo yao.

Imamu Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alipatwa na jambo hilo akiwa juu kabisa. Alikuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, mamia ya wanafunzi wakimsikiliza, na alipoichunguza nia yake katika kufundisha akaona kwamba kilichokuwa kikimsukuma ni kutaka jaha na sifa. Mwaka 1095 ulimi wake ukazuilika asiweze kusomesha, chakula kikawa hakishuki, na matabibu wakasema maradhi yameanzia moyoni. Mwaka huo huo akaiacha kazi, akaenda Sham, yaani nchi ya Syria.

Usije ukakifanya kisa hiki kuwa ruhusa ya kuandika barua ya kujiuzulu. Kabla ya kuondoka, Ghazali aligawa mali yake na akabakisha ya kuwatosha watoto wake. Na zaidi ya miaka kumi baadaye alirudi kufundisha, safari hii mjini Nishapur, Uajemi, akieleza kwamba kazi ilikuwa ni ile ile ila nia ndiyo iliyobadilika. Mimi naona dawa yako iko hapo, wala haihitaji safari.

Katika watu saba aliowataja Mtume kwamba watafunikwa na kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyokuwa na kivuli ila chake, yumo anayetoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia, na yumo aliyemkumbuka Mola wake akiwa peke yake, macho yake yakabubujika. Wote wawili hawana shahidi. Kwa hiyo chukua sehemu ya nyongeza ya mshahara wako, umpe mhitaji asiyejua imetoka kwa nani, wala usimsimulie mtu, hata mimi usiniambie. Kisha uuangalie moyo wako: ukikuta kuna raha ambayo haikungoja pongezi ya yeyote, umeshaijua ile unayoitafuta, hata kama huzuni yako bado ipo.

La kazi tutalizungumza ukija kwa Idi, inshallah.

Wasalaam,
Baba yako