Kwa mdogo wangu unayeingia soka la kulipwa

Mkataba wangu wa kwanza niliusaini nikiwa na miaka 19, nimesimama, karatasi zimewekwa juu ya boneti ya gari. Kiongozi wa klabu alinionyesha pa kutia saini, nikatia, tukapigwa picha nimeshika jezi. Nakala sikupewa, na wala sikuomba. Nilikuwa beki wa kushoto niliyetoka tu timu ya vijana, na kubwa nililotaka kujua siku ile ni namba gani nitavaa mgongoni. Miaka 3 baadaye klabu moja ya nje ikanitaka. Nikawajibu kwa furaha kwamba mkataba wangu unaisha msimu huo, njooni. Kumbe hauishi. Ndani yake kulikuwa na kipengele kilichoipa klabu hiari ya kuniongezea mwaka mmoja kwa mshahara uleule bila kuniuliza, na walikuwa wameshakitumia. Wale wa nje hawakusubiri. Walimsajili beki mwingine kabla dirisha la usajili halijafungwa.

Vijana wengi wanaonitafuta huniuliza kuhusu pumzi, mazoezi ya nguvu, jinsi ya kuutumia mguu wa pili. Hayo kocha wako atakufundisha, ndiyo kazi yake. Suala la mkataba hakuna atakayekuketisha akufundishe, kwa sababu kila mtu aliyepo chumbani siku ya kusaini ana maslahi yake, na wewe ndiye mdogo kuliko wote hapo.

Basi omba rasimu siku kadhaa kabla. Klabu isiyotaka uondoke na rasimu ukaisome, hiyo imeshakueleza jinsi itakavyokutendea baadaye. Isome na mtu anayejua sheria, na kama kuna chama cha wachezaji pale unapocheza, jiunge nacho kabla hujapata shida. Vyama vingi vya aina hiyo viko chini ya FIFPRO, shirikisho la dunia la vyama vya wachezaji, na vina wanasheria waliozoea mikataba ya mpira. Angalia muda kwanza. Kanuni za FIFA zinaweka kikomo cha miaka 5, labda kama sheria za nchi husika zinaruhusu zaidi, na kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 mwisho ni miaka 3. Tafuta neno hiari au nyongeza, uone ni nani mwenye haki ya kuitumia. Ukikuta ni klabu peke yake, omba kipengele hicho kiondolewe, au kiambatane na mshahara mkubwa zaidi na tarehe ya mwisho ya kukujulisha kwa maandishi. Kisha uliza mshahara ulioandikwa ni kabla ya kodi au baada ya kodi. Nimeona mchezaji mwenzangu akilia chumbani kwa swali hilo moja ambalo hakuliuliza.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mkataba ukishasainiwa, klabu haiwezi kuukana kwa kisingizio kwamba umeshindwa vipimo vya afya au hujapata kibali cha kazi. Kanuni inakataza uhalali wa mkataba kutegemea mambo hayo. Vipimo vifanywe kwanza, saini ifuate. Na bonasi ambayo haimo kwenye maandishi, hata kama rais wa klabu ameitamka mbele ya timu nzima, usiipangie matumizi.

Sasa kuhusu kucheza nyumbani. Miaka ya mwanzo kitu unachokusanya ni dakika. Kijana wa miaka 20 akipata ofa mbili, moja ya klabu kubwa yenye mabeki wa kushoto wawili wa timu ya taifa na nyingine ya timu ya katikati ya msimamo ambayo kocha wake anamtaka yeye kwa jina, mimi humwambia aende hiyo ya pili, hata mshahara ukiwa mdogo. Nilikaa msimu mzima benchi kwenye timu iliyochukua ubingwa. Medali ninayo. Lakini skauti, yaani mtafuta vipaji, aliyekuja mwaka uliofuata aliomba video za mechi zangu 10 za karibuni nilizocheza dakika 90, na sikuwa nazo.

Waangalie waliofika mbali. Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania, alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, akakaa huko hadi alipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na timu yake ikawa bingwa, ndipo Aston Villa wakamchukua Januari 2020. Hesabu mwenyewe: miaka 9 tangu aondoke nyumbani hadi Ligi Kuu ya Uingereza, na hatua yake ya kwanza ya nje ilikuwa humuhumu Afrika. Michael Olunga, mshambuliaji wa Kenya, alipitia Sweden, China na Hispania, kisha akajiunga na Kashiwa Reysol ya Japani mwaka 2018, na timu ikashuka daraja mwaka huohuo. Wengi wangeomba kuuzwa. Yeye alibaki, akacheza daraja la pili, na Novemba 2019 alifunga mabao 8 katika mechi moja dhidi ya Kyoto Sanga iliyoisha 13 kwa 1. Mwaka 2020, wakiwa wamerudi ligi kuu, alifunga 28 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mfano huu naupenda kuliko mingine yote kwa sababu unamhusu mtu aliyekubali kushuka ngazi moja ili acheze kila wiki.

Tunza kumbukumbu zako. Kila mchezaji ana pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa tangu mwaka aliotimiza miaka 12. Klabu ya nje ikikutaka, huiangalia hiyo ili kujua itadaiwa na nani fidia ya mafunzo, yaani malipo kwa klabu zilizokufundisha mpira, deni ambalo linaweza kuwepo hadi mwisho wa mwaka unaotimiza miaka 23. Na ukiuzwa nje katikati ya mkataba, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizokulea kati ya miaka 12 na 23. Timu yako ya utotoni ina haki hapo, ila kama usajili wako ulikuwa wa mdomo tu, haitapata kitu. Nenda ukawakumbushe waweke karatasi sawa. Ni njia ya kuwashukuru ambayo haikugharimu hata senti.

Kuhusu mawakala nitasema kwa ukali kidogo. Mtu anayekuomba pesa ili akupeleke majaribio, mkimbie. Wakala halisi hulipwa kutokana na mkataba uliokwishapatikana. Tangu mwaka 2023 wakala anapaswa kuwa na leseni ya FIFA ambayo hupatikana kwa mtihani, na majina yao yapo wazi kwenye tovuti ya FIFA, kwa hiyo unaweza kumtafuta kabla hajamaliza kukusimulia habari za klabu anazozijua. Mkataba wako na wakala hauwezi kuzidi miaka 2, na haujirefushi wenyewe. Na mwaliko wa majaribio uwe barua ya klabu yenyewe. Wasiliana na klabu hiyo kwa njia uliyoitafuta mwenyewe, usitumie namba aliyokupa huyo mtu. Kama hujafika miaka 18, uhamisho wa kimataifa umekatazwa isipokuwa katika hali chache, kwa mfano wazazi wako wakihamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na mpira. Anayekuambia ana njia ya mkato anaweza kukuacha uwanja wa ndege. Nimekutana na vijana wawili walioachwa hivyo, wenye vipaji kunizidi mimi, na hakuna hata mmoja aliyerudi kucheza.

Ukishafika nje, miezi 6 ya kwanza ndiyo migumu. Ligi nyingi zina idadi maalumu ya wageni, kwa hiyo nafasi yako imehesabiwa na kila mtu anajua bei yake. Mzawa akicheza vibaya mechi tatu ni kijana anayekua. Wewe ukicheza vibaya mechi tatu, klabu inaanza kutafuta mgeni mwingine. Hilo liliniumiza hadi nilipolikubali. Kilichonisaidia ni lugha. Sikungoja mwalimu wa klabu: wiki ya kwanza nilimwomba kipa anifundishe maneno 20 ya uwanjani, geuka, mtu nyuma, sogea, acha, wa kwangu. Beki asiyezungumza na kipa wake hapangwi, hata awe na kasi ya namna gani. Hali ya hewa utaizoea. Upweke usiufiche, mwambie mtu, hata kama ni mtunza vifaa, maana mara nyingi huyo ndiye mwenye muda wa kukusikiliza kuliko wote klabuni.

Pesa, kwa kifupi: panga kiasi cha kutuma nyumbani kila mwezi mwanzoni mwa msimu, kwa utulivu, na kisizidi mshahara ulioingia. Ulioahidiwa usiuhesabu.

Nasema hivyo kwa sababu klabu yangu ya pili ya nje iliacha kunilipa. Mwezi wa kwanza walisema benki ina tatizo. Wa pili walisema mdhamini amechelewa. Nilitaka kuondoka usiku uleule, nipande ndege, nirudi. Mwanasheria wa chama cha wachezaji ndiye aliyenizuia kwa simu: ukiondoka leo, wewe ndiye utakayeonekana umevunja mkataba. Akaniandikia barua ya kuidai klabu. Kanuni ya FIFA, iliyoanza kutumika Juni 2018, inasema klabu ikishindwa kukulipa angalau mishahara 2 ya mwezi katika tarehe zake bila haki, unaidai kwa maandishi, unaipa muda usiopungua siku 15 itimize wajibu wake wote, na isipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Siku zile 15 nilikwenda mazoezini kila asubuhi kwa wakati, nikajipiga picha nikiwa getini, nikatunza kila ujumbe. Walinitoa kikosi cha kwanza, wakaniambia nikimbie peke yangu pembeni ya uwanja. Nikakimbia. Siku ya 16 nikaondoka nikiwa mchezaji huru, na shauri likapelekwa FIFA, ambako madai ya namna hiyo yanapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 2. Pesa zilichukua muda mrefu kufika. Lakini zilifika, na zisingefika bila zile picha za getini.

Goti lilinishika nikiwa na miaka 29. Kuhusu majeraha nina jambo moja tu: pata ripoti ya daktari na picha za vipimo mikononi mwako siku hiyohiyo, na uwe huru kutafuta daktari wa pili asiyelipwa na klabu. Mimi nilirudi uwanjani mapema kwa sababu timu ilikuwa na mechi kubwa na kocha alinitazama machoni akaniomba. Simlaumu, alikuwa na kazi yake ya kuilinda. Sikuwahi tena kukimbia na winga mwenye kasi nikamfikia.

Miezi ile ya kutibiwa nilianza kozi ya ukocha, ngazi ya chini kabisa, nikiwa bado na mkataba wa mchezaji. Wenzangu walidhani nimekata tamaa. Leo nafundisha vijana wa chini ya miaka 17. Kila mmoja anapofikisha umri wa kusaini tunakaa naye mezani, mimi, yeye na mzazi wake, tunasoma rasimu mstari kwa mstari kwa sauti. Safari iliyopita tulimaliza saa nne za usiku. Kijana alikuwa anasinzia, mama yake akamgusa bega, akamwambia, bado ukurasa mmoja.