Kipochi cha shanga cha Mlango Mmoja

SWALI: Shikamoo mama. Robota la mikoba lilipokatwa pale soko la mitumba la Mlango Mmoja, Mwanza, nilibahatika kupata kipochi cha shanga nyeupe, ndani satini, na kilebo cha kitambaa "Made in British Hong Kong". Muuzaji anaapa ni cha miaka ya 1920. Kina doa, na shanga zinapukutika pembeni. Nikifue? Nina sendofu mwezi ujao. — Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Muuzaji wako katia chumvi. Vipochi vya Hong Kong vilifurika maduka ya Marekani na Uingereza hasa miaka ya 1950 na 1960, na Hong Kong yenyewe ilikuwa chini ya Uingereza hadi iliporudi China mwaka 1997, ndiyo maana ya hilo "British" kwenye kilebo. Siku ukikuta "Czechoslovakia", ujue kimeshonwa kabla nchi hiyo haijagawanyika mwisho wa 1992. Mimi husoma kilebo kwanza, maneno ya muuzaji baadaye. Kisha nagusisha ushanga kwenye jino: kioo ni baridi na kinagonga, plastiki haisemi kitu.

Kufua, hapana! Maji yakiingia kwenye fremu ya chuma, kutu inahamia kwenye satini, na hiyo haitoki. Chukua pamba ya masikio, ilowanishe kidogo, ikamue, pita juu ya doa ushanga kwa ushanga, kisha anika kivulini.

Sasa hizo zinazopukutika. Vipochi vingi vya aina hii hushonwa kwa sindano ya ndoano, mishono ya mnyororo, uzi mmoja kwa mstari mzima. Ukiuvuta huo unaoning'inia, safu yote itafumuka kama soksi. Usiukate pia. Fumua bitana kidogo pembeni, upenyeze uzi kwa sindano nyembamba hadi ndani, uufunge fundo hapo, ndipo urudishe shanga moja moja kwa uzi wa polista. Za kuongezea usihangaike kuzisaka mjini; rudi kwa yule yule, ulizia kipochi kilichochanika, hicho hakuna anayekigombania. Mimi ninacho kimoja nimekinyonyoa mpaka kimebaki fremu.

Mfuko wa nailoni usiutumie kukihifadhia, unyevu wa ziwa utajifungia humo. Kifunge kwenye kanga kuukuu ya pamba, ukilaze.

Sendofu nenda nacho, ila simu mpe mwenzio akubebee. Hicho kilishonewa leso na rangi ya mdomo.