Jibu: Shangazi wawili wameugua saratani ya titi, mama ni mzima. Niko salama?

Dada, na mimi nilijifariji hivyo hivyo, kwamba mama na bibi mzaa mama ni wazima basi yamekwisha. Kliniki ya kwanza waliniuliza habari za mama tu. Nikasema mzima, wakaniambia nenda nyumbani.

Daktari wa pili alichukua karatasi akachora ukoo. Duara mwanamke, mraba mwanaume, aliyeugua anajazwa wino. Kwa mama kote kukabaki kweupe. Kwa baba, shangazi mkubwa titi akiwa na miaka 39, wino. Anayemfuata ovari (vifuko vya mayai ya uzazi), wino. Katikati yao mraba mtupu, mzee wangu, hajawahi hata kulazwa. Daktari akaugonga ule mraba kwa kalamu: "Jeni yenye hitilafu imepitia hapa."

Jeni ni maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, na zenyewe hapa ni BRCA1, iliyo kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 17, na BRCA2, ya 13. Kazi yake ni kukarabati DNA iliyokatika. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, kwa hiyo mwanamume anaweza kubeba nakala yenye hitilafu na kuirithisha kama mwanamke. Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na mkubwa akiikosa hakumsaidii mdogo.

Usikimbilie kupima wewe. Shangazi aliye hai ndiye aanze. Kwake ikionekana hitilafu, kwako wanatafuta hiyo hiyo na jibu linakuwa la uhakika. Ukianza wewe wasione kitu, hujui kama hukuirithi au hawakuitambua. Tena sisi Waafrika mara nyingi tunarudishiwa jibu la "badiliko lisiloeleweka maana", kwa kuwa kumbukumbu wanazolinganishia zimejaa Wazungu. Hilo si jibu la kukatisha titi!

Usiogope kupita kiasi pia: saratani za titi za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya zote. Ila mwanamke mwenye hitilafu, uwezekano wa kuugua titi kabla ya miaka 80 ni karibu asilimia 70. Mimi nimekutwa na ya BRCA2. Napigwa MRI (picha ya ndani ya titi kwa sumaku) kila mwaka, na ovari tutazitoa nikimaliza kuzaa.

Mzee kakubali, sasa anafuatilia tezi dume, maana hitilafu ya BRCA2 inaongeza na hatari ya saratani yake. Kaka yangu ndiye kagoma kupima, anasema titi ni mambo ya wanawake. Ana mabinti watatu.