Kabla Hujalinganisha Programu za Uhandisi wa Vifaa kwa Mapato ya Wahitimu

Ukianza kutafuta chuo cha kusomea uhandisi wa vifaa (materials engineering, yaani uhandisi wa metali, seramiki, plastiki na mengineyo ya kutengenezea vitu) nchini Marekani, utakutana mapema na College Scorecard, hifadhidata ya Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, ambayo tangu 2019 huonyesha mapato ya wahitimu wa kila programu na si ya chuo kizima pekee. Nimeitumia kwa miaka kadhaa kuwashauri wanafunzi na ninaithamini, ila katika fani yetu inataka kusomwa polepole, kwa sababu wahitimu wetu ni wachache.

Chukua darasa la kubuni, nililolifupisha ili hesabu ionekane: wahitimu saba wanaopata dola 58,000, 61,000, 64,000, 66,000, 82,000, 85,000 na 90,000 kwa mwaka. Pato la katikati, ambalo ndilo hifadhidata huonyesha, yaani la yule anayekuwa wa nne wakipangwa kuanzia wa chini, ni 66,000. Yule wa 58,000 akirudi chuoni kusomea uzamili, anaondolewa kwenye hesabu, kwa kuwa walio masomoni hawahesabiwi. Wanabaki sita, na pato la katikati, sasa nusu ya njia kati ya 66,000 na 82,000, linaruka hadi 74,000 ilhali hakuna aliyeongezewa hata senti. Kundi la watu ishirini hutikisika vivyo hivyo, ingawa si kwa kiasi hicho. Nilimwona mwanafunzi akikataa ufadhili kamili kwa sababu ya tofauti ndogo kuliko hiyo, na hadi leo linaniuma.

Wanaohesabiwa, tena, ni waliopokea mikopo au ruzuku ya serikali ya shirikisho tu; mwanafunzi wa kigeni, ambaye kwa kawaida hastahili fedha hizo, hamo. Programu yenye wahitimu wachache mno huachwa bila takwimu ili kulinda siri zao, na hilo halimaanishi kuwa ni dhaifu. Uhandisi wa metali, wa seramiki na wa polima nao husajiliwa kwa misimbo yao tofauti, yaani namba za kutambulisha programu, kwa hiyo utafute kila mmoja.

Linalonishughulisha zaidi ni ajira yenyewe. Chuo kilicho jirani na viwanda vya chipu za kompyuta na kilicho jirani na viwanda vya chuma vinaweza kufundisha vizuri sawasawa, huku mapato na gharama za maisha za wahitimu wao zikiachana sana. Iandikie idara uulize wahitimu wa miaka mitano iliyopita waliajiriwa katika sekta gani, mikoa gani, na wangapi waliendelea na masomo. Idara ndogo mara nyingi huwafahamu mmoja mmoja.