Nilikaribishwa chakula, nikakaa nikala

*Shangazi, shikamoo.*

*Nina miaka 29. Nimekulia Morogoro, sasa niko Dar es Salaam, ni mhasibu kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Tangu utotoni najiona siko kama wenzangu. Nyumbani waliniita Redio, kwa sababu nilizijua kwa kichwa stesheni za treni mpaka Kigoma, Kimamba, Kilosa, Kidete, Gulwe na kuendelea, na nikimaliza naanza upya. Mashine ya kusaga ikiwashwa nilikimbilia uvunguni. Mchuzi ukigusa ugali sili. Mama alisema nina maringo, bibi akasema nina pepo, nikapelekwa kuombewa mara mbili. Darasani nilifaulu, rafiki sikupata. Kazini nimejifunza kucheka wenzangu wanapocheka, lakini nikifika nyumbani nazima taa, nalala sakafuni saa nzima ndipo niweze kuongea na mtu.*

*Mwaka huu mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano, amepimwa wakasema ana usonji, hali ya ubongo ambayo kwa Kiingereza wanaiita autism. Dada aliponisomea dalili niliona ananisoma mimi. Sasa naolewa mwezi wa kumi na moja, na kichen pati inakuja. Kwenye ya dada nilianguka chini kwa kelele, wakasema nina wivu. Mchumba wangu hajui lolote. Mama nikimgusia ananiambia nisijitafutie ugonjwa, wasije wakavunja uchumba. Je, najitafutia? Nimwambie mchumba, au ninyamaze ndoa ipite kwanza?*

*Redio*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeipunguza, na kuna kisa kimoja nimekitoa makusudi ili nikisimulie mwenyewe. Ulikuwa na miaka saba. Mama kakutuma chumvi kwa jirani, ukawakuta mkekani wanakula wali na maharage. Wakakwambia karibu chakula. Ukanawa, ukakaa, ukala, chumvi ukaisahau. Kesho yake ukapita tena, wakakukaribisha tena, ukakaa tena. Siku ya tatu jirani akamtania mama yako bombani mbele za watu, na jioni ukachapwa. Umeandika hivi: "Mpaka leo sijui kosa langu, maana walinikaribisha wenyewe."

Nilicheka nilipofika hapo. Nikairudia sentensi ile, nikaacha kucheka.

Maana kosa lako silioni. Sisi tumezungukwa na maneno ambayo hayasemi yanachosema. "Karibu chakula" jibu lake ni "asante, endeleeni", labda uonje tonge moja ili wasione unawadharau. "Habari za nyumbani" jibu lake ni "nzuri", hata kama kuna maiti ndani. Mtu husema "nzuri" kwanza, msiba ndio unafuata. Haya hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha. Tumeyaokota tu, kama mtoto anavyookota lafudhi ya mtaani kwao. Kuna watoto hawaokoti. Hao wanahitaji kuambiwa waziwazi, na wakishaambiwa wanashika vizuri kuliko sisi. Wewe hukuambiwa, ndiyo maana mwalimu wa darasa la nne alipokuuliza habari za nyumbani ukamjibu, "Baba hakulala nyumbani na mama amelia," darasa zima likaangua kicheko.

Ningependa ujue kwa nini hakuna aliyekustukia. Ukisoma dalili za usonji, mojawapo iliyo juu kabisa ni kutowatazama watu machoni. Huko zilikoandikwa, mtoto asiyekutazama machoni anatia wasiwasi. Kwetu mtoto wa kike anayeinamisha macho mbele ya wakubwa anaitwa mwenye adabu, anasifiwa. Na tangu mwanzo wataalamu wenyewe walikuwa wakiwatazama zaidi wavulana. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika juu ya hali hii mwaka 1943, alieleza watoto 11, na kati yao wasichana walikuwa 3 tu. Wasichana wengi huwasoma wenzao na kuwaiga: lini kucheka, lini kusema "jamani pole". Hicho unachokifanya kazini kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja jioni ni kazi ya pili juu ya uhasibu, na hiyo hailipwi. Sakafu ile ndiko unakolipia deni. Usijione mvivu wala mgonjwa kwa kulala pale.

Mtoto wa kwanza katika wale 11 wa Kanner aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alipokuwa mdogo wazazi wake walishauriwa wamwache kwenye taasisi wamsahau. Mama yake akamrudisha nyumbani. Akafanya kazi benki miaka mingi, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na amefariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Mtu wa hesabu kama wewe. Sisemi kila mwenye usonji ataishi hivyo. Wapo wasioongea kabisa, wapo wanaohitaji kulishwa na kuogeshwa maisha yao yote, na mama zao wakisoma hapa wasidhani nimewasahau.

Sasa hilo la kujitafutia ugonjwa. Usonji haumpati mtu ukubwani. Mtu anazaliwa nao, ubongo unakua kwa namna yake tangu tumboni. Kwa hiyo hutafuti kitu kipya, unauliza jina la kitu ulichokuwa nacho uvunguni kule Morogoro. Kama jina ni hilo au jingine, mimi sina uwezo wa kukupima kwa barua, wala video za kwenye simu hazina. Hakuna kipimo cha damu cha usonji, hakuna picha ya kichwa inayouonyesha. Mtaalamu anakaa na wewe, anauliza, anatazama, na anataka sana kujua ulivyokuwa mdogo. Muulize dada yako ni daktari gani anayemwona mwanawe, anzia kwa huyo, au nenda Muhimbili kwenye afya ya akili ukaulize moja kwa moja nani anaona watu wazima, kwa sababu wengi wamezoea watoto. Najua ukitaja hospitali ya akili mtu anasikia "Mirembe" na anaanza kukutazama mikono kama umeshika jiwe. Waache. Akija mtu na chupa akasema anayo dawa ya kuutoa usonji, nawe mtoe mlangoni. Dawa hiyo haipo.

Umeona nilichosema hapo, kwamba watataka kujua utoto wako? Mwenye utoto wako ni mama. Yule yule aliyesema una maringo ndiye anayekumbuka ulianza kuongea lini, ulikuwa ukipanga nini kwa mstari, ulilia kwa nguo gani. Humwendei kumshitaki. Unamwendea kama shahidi. Usianze na neno usonji, litamfunga masikio. Mwambie, "Mama, nisimulie nilipokuwa mdogo nilikuwaje," siku mnachambua mchele au mnamenya viazi, mikono ina kazi na macho yako chini. Wewe na yeye mtafurahi kutotazamana.

Na umwonee huruma kidogo. Huko Marekani kwenyewe, miaka ya 1950 na 1960, wapo madaktari waliotangaza kwamba usonji unaletwa na mama asiyempenda mtoto, mama baridi. Ulikuwa uongo, ukawaumiza wanawake wengi mpaka ulipotupwa. Kwetu hawasemi mama baridi, wanasema mama kavunja mwiko, mama kachezewa na mke mwenzake, ukoo ule una kitu. Mama yako anajua watu watasema nini. Mimi naona "usijitafutie ugonjwa" yake ina hofu zaidi ya ukali. Hata ile ya kukupeleka kuombewa, pamoja na kwamba ilikutisha, ilikuwa ni mtu anatafuta msaada mahali pekee alipopajua.

Niseme na langu. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii. Darasa moja nilikuwa na mvulana aliyekuwa akiguna, "mmm" moja ndefu, kila nikiandika ubaoni na chaki mpya. Nikajua ananidhihaki. Nilimpigisha magoti nje sijui mara ngapi. Nikisoma barua yako na hiyo mashine ya kusaga ndipo imenijia kwamba huenda ile chaki ilikuwa inamkata masikio, na ile mmm ni mkono wake wa kujizibia. Huenda. Sikumuuliza. Muhula mzima sikumuuliza.

Haya, mchumba. Mwambie, na mwambie kabla ya ndoa, na usingoje karatasi ya daktari. Mtu atakayelala kitanda kimoja na wewe ataiona ile saa ya sakafuni wiki ya kwanza, na kama hajui ni nini ataipa jina lake mwenyewe: amenichoka, ana mwingine, ananinunia. Kuna mtafiti wa Uingereza, Damian Milton, naye ana usonji, aliyeandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji hawaelewi wengine, na wengine nao hawamwelewi, ila lawama anabebeshwa mmoja. Ndoa haiwezi kubeba hilo. Mpe mambo, siyo jina. "Nikirudi kazini sisemi saa nzima, sijakasirika." "Usinikumbatie kwa nyuma, nistue kwanza kwa sauti." "Ukitaka kitu niambie wazi, mafumbo siyapati." Kisha umwone. Akikwambia "kumbe!" na akaanza kuuliza maswali, huyo ni wako. Akikimbilia kwa mama yake kwenda kuuliza kama ukoo wenu una kichaa, ni afadhali ukimbie mwezi wa tisa kuliko mwezi wa kumi na mbili.

Kichen pati ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ukumbi wa watu 250, spika mbili ukubwa wa kabati, mshereheshaji anayeamini kunyamaza ni dhambi, na foleni ya kina mama wanakuja na masufuria wanacheza, kila mmoja anataka akubane kifuani. Hata mimi naogopa. Wenye kamati watanichukia, lakini sherehe ni yako. Kata orodha. Ukishindwa kukata orodha kwa sababu michango imeshapita, kata saa: uingie watu wameshakaa, utoke mapema. Kiti chako kiwe mbali na spika, na hilo aambiwe mwenye muziki siku moja kabla na mtu mzima mwenye sauti, tena aambiwe mama wa bibi harusi ana shinikizo la damu. (Uongo huo nauchukua mimi.) Gauni la lesi lishonewe pamba ndani, ulivae nyumbani mara tatu kabla ya siku. Na somo wako mmueleze kila kitu, mpatane ishara, ukishika kidani mara mbili anakuinua kana kwamba mnakwenda kubadili kitenge, mnakaa chumba cha nyuma dakika kumi bila kuongea. Hakuna atakayejua. Bibi harusi kubadili nguo mara nne ni kawaida siku hizi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Wewe ni mhasibu, gawanya mwenyewe 250. Huenda kwenye ukumbi ule kuna mwingine anayehesabu vigae vya sakafuni akiomba mshereheshaji apoteze sauti.

Huyo mtoto wa dada, wewe ni mama yake mdogo. Tayari una kitu ambacho daktari wake hana. Akitimiza miaka saba, kabla hajatumwa chumvi, mweleze "karibu chakula" maana yake nini.

Ule mlolongo wako wa stesheni nilimsomea mume wangu jana baada ya chakula, ule mzima, wa kwenye barua yenyewe. Amefanya kazi reli. Alifumba macho akawa anahesabu kwa vidole, halafu akasema binti huyu hajaruka hata moja. Anakusalimu sana. Anauliza habari za nyumbani, na nimemwambia angoje, utamjibu kweli.