Anayezoea Dawa ni Bakteria, si Mwili Wako

Kwa miaka mingi nimehudumu katika duka la dawa mtaani Kayole, na karibu kila wiki humsikia mtu akisema: "Daktari, hizi kapsuli mwili wangu umeshazizoea, nipe za nguvu." Kwa kawaida mtu huyo amekuwa akinunua amoksisilini kila anapopata mafua, kapsuli nne leo na sita mwezi ujao, kulingana na kilichomo mfukoni. Naandika haya kwa sababu naamini wengi wangeacha mtindo huo kama wangeelezwa kinachotendeka.

Mwili hauizoei antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria kama hiyo amoksisilini. Wanaobadilika ni bakteria. Bakteria aina ya E. koli, akipata joto na chakula cha kutosha, anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na katika unakilishaji huo wa haraka wa vinasaba hutokea makosa madogo madogo. Mengi hayamfaidi chochote, lakini mara mojamoja kosa humwezesha kuihimili dawa, kwa kuigeuza sehemu ambayo dawa ingeishika au kwa kuisukuma dawa nje kabla haijamdhuru. Wengine wana kimeng'enya kinachoivunja dawa yenyewe. Kimeng'enya kinachovunja penisilini kilielezwa na watafiti wa Oxford mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijaanza kutumiwa na wagonjwa kwa wingi. Maana yake ni kwamba usugu, yaani uwezo huo wa kuihimili dawa, mara nyingi huwapo tayari kwa wachache, na kazi ya dawa ni kuwaua wasio nao na kuwaachia hao wachache uwanja mzima.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba bakteria hupeana usugu huo, hata wakiwa wa jamii tofauti, kupitia vipande vya DNA viitwavyo plazmidi. Mafua husababishwa na virusi, ambavyo amoksisilini haiwezi kuvigusa kabisa, lakini kapsuli uliyoimeza huwafikia bakteria wa tumboni na kuwachuja, na watakaosalia wanaweza kuwarithisha usugu wale waletao magonjwa makali. Hapa Kenya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kumekuwa na homa ya matumbo isiyosikia ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli, dawa zilizokuwa tegemeo la wengi.

Mama mmoja aliniletea chupa ya dawa ya maji ya mtoto iliyokaa juu ya kabati tangu Pasaka, rangi imeshageuka, akauliza kama mdogo wa mtoto huyo angeweza kuimalizia. Nilimwomba aniachie chupa hiyo. Amoksisilini ya unga ikishachanganywa na maji haifai kutumiwa baada ya wiki mbili, kwani nguvu yake hupungua, na dozi hafifu huwaacha hai bakteria ambao dozi kamili ingewamaliza.

Kwa hiyo usiweke masalio na usimgawie jirani. Siku za dozi aziamue mtabibu aliyekupima, kwa kuwa si kila ugonjwa unahitaji siku nyingi. Sheria yetu inataka dawa hizi zitolewe kwa cheti cha daktari; muuzaji akikukatalia, tafadhali usimwone mkatili.

Ukiambiwa una homa ya matumbo kwa kipimo cha Widal pekee, uliza kama damu yako inaweza kuoteshwa maabara, yaani kuwekwa katika hali ya kuwakuza bakteria waliomo ili waonekane. Widal husoma kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa, ambazo huenda zimebaki kutokana na maambukizi ya zamani. Vivyo hivyo kwa maambukizi ya mkojo yanayorudi kila mara: omba kipimo cha kuotesha, kitakachoonyesha bakteria aliyepo na dawa inayomweza. Najua gharama yake huzidi ya kapsuli chache na majibu huchukua siku mbili au tatu, lakini mkojo wenyewe sharti utolewe kabla hujameza kapsuli ya kwanza, kwani dawa ikishaingia bakteria huenda wasiote maabara, na majibu yakarudi yakisema huna kitu ilhali bado unaungua.