Usisubiri mwaka wa mwisho
Dada, umeuliza kama unaweza kungoja mwaka wa mwisho wa ubingwa wa uzazi ndipo utafute mada na msimamizi wa tasnifu yako. Hapana, anza sasa! Tuseme mada yako ni muda kati ya uamuzi wa upasuaji na mtoto kuzaliwa: kwa ruhusa ya mkuu wa idara, fungua rejista ya chumba cha upasuaji uone kama saa ya kuamua kumpasua mama na saa mtoto alipotoka zimeandikwa kweli. Zikikosekana, mada hiyo iache mapema. Hapa Bukavu maswali hayakosekani. Hospitali ya Panzi peke yake inajulikana mbali kwa tiba ya fistula (tundu linalovujisha mkojo au kinyesi baada ya uzazi mgumu). Profesa mpelekee ukurasa mmoja wenye swali moja, si "naomba unisaidie mada". Kibali cha kamati ya maadili kitangulie kabla hujanakili data yoyote. Na umshike asistanti (daktari anayesomea ubingwa) aliyekutangulia, huyo ndiye mtakayekaa naye kwenye Excel usiku wa zamu.